Kompyuta iko Minova, mwenyewe yuko Bukavu

Minova, wilayani Kalehe, ilichukuliwa na M23 tarehe 21 Januari 2025. Wakaaji wengi walikimbia, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Watu walibeba magodoro na sufuria. Buletini za watoto hazikukumbukwa.

Miezi ikapita. Mama mmoja aliyefikia Kadutu, mjini Bukavu, akampigia simu mwalimu anayetunza pointi za shule.

"Mwalimu, huku mtoto hapokelewi. Wanaomba buletini."

Mwalimu naye alikuwa Bukavu, akimhudumia mama yake mgonjwa. Mkuu wa shule alikuwa huko pia. Alikimbia na muhuri katika mkoba. Kilichobaki Minova ni pointi zenyewe, ndani ya kompyuta ya mwalimu, nyumbani kwake.

Bahati nzuri, zamani alikuwa ameweka AnyDesk, programu iliyotengenezwa Ujerumani. Inawekwa kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye simu. Kompyuta inapewa namba yake, na mwenyewe anaweka neno la siri. Baada ya hapo picha ya skrini inasafiri kwa intaneti hadi kwenye simu, na kila anachogusa kwenye simu kinarudi nyumbani kama vile ameshika mausi.

Lakini kompyuta iliyozimwa haiitiki. Jioni mwalimu akampigia binti yake.

"Mama, washa mashini. Angalia batri ya sola kwanza."

"Imejaa kidogo, papa."

"Sawa. Sasa fungua intaneti ya simu, uiweke karibu na mashini."

Mara ya kwanza mtandao ulikatika. Mara ya pili picha ilikuja nusu. Mwalimu akapunguza ubora wa picha ili isile mega nyingi. Mara ya tatu mtoto akapiga kelele: "Papa, kishale kinatembea chenyewe!"

Kilikuwa kinatembezwa kutoka Kadutu. Mwalimu alifungua faili la darasa, akalituma kwa barua pepe, akamwambia binti azime mashini kabla batri haijaisha. Kesho yake buletini ilichapwa na kupigwa muhuri. Mtoto alipokelewa shuleni.

Habari ilienea, na wazazi wengine wakapiga simu. Siku moja akapiga mtu asiyemjua, akisema kwamba ni fundi na kwamba kompyuta ina virusi: "Nipe namba yake na neno la siri, nitaisafisha." Mwalimu alikata simu. Mwenye hivyo viwili anaingia kama mwenye nyumba: anaweza kusoma barua, kubadilisha pointi, hata kufuta kila kitu. Wezi wa namna hiyo wako duniani kote.

Kwa anayetaka kufanya kama mwalimu, maandalizi ni kabla ya safari. Weka programu, chagua neno la siri refu, zuia kompyuta isilale yenyewe, kisha ijaribu ukiwa bado karibu. Na mfundishe mtu mmoja unayemwamini nyumbani namna ya kuiwasha.

Mwalimu sasa ameweka pointi pia kwenye ufunguo wa USB, na anatembea nao mfukoni. Anasema hivi: "Mtandao ulitusaidia, lakini bila binti yangu ningeangalia skrini nyeusi tu."