Mbwa Wangu na Bonde la Lambwe

Yapo mambo mawili niyapendayo wakati wa likizo: kulala nje katika hema, na kutembea na mbwa wangu. Kwa muda mrefu niliyahesabu kuwa ni jambo moja. Mbwa huyo nimemwita Tarishi, kwa sababu tukiwa njiani hutangulia mbele, hutazama, kisha hurudi kuniletea habari.

Mara ya kwanza tulilala karibu na maporomoko ya Gogo, katika mto Kuja, kwetu Migori. Usiku nilimfunga kwa kamba asije akateremka mtoni, maana mto ule una mamba. Kazi aliyoifanya ni kumbwekea punda wa watu hata alfajiri. Hata hivyo shemeji yangu, ambaye alikuwa hajapata kulala porini, aliniambia asubuhi kwamba sauti ya mbwa ndiyo iliyompa usingizi. Mimi wangu niliukosa.

Basi Agosti mwaka 2023, tulipoazimia kwenda bonde la Lambwe, huko Homa Bay, sikumwuliza mtu shauri. Nilimpakia Tarishi katika gari la shemeji, tukapita Rongo na Rodi Kopany hata Mirogi, na kutoka huko tukaingia bondeni. Shabaha yetu ilikuwa kuwaona korongo katika mbuga ya Ruma, kwa maana ndiyo mahali pa mwisho katika Kenya walipobaki wanyama hao. Pale palitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, pakawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Mlangoni askari alitueleza kwa upole kwamba mbwa hawaruhusiwi kuingia. Hakuwa na kosa. Mbwa huwatisha wanyama wa porini, na pengine huwaambukiza maradhi. Kosa lilikuwa langu mimi, karani nilipwaye mshahara kwa kusoma barua za watu, nisisome sheria ya mahali niendako.

Mzee mmoja aliyekaa nje ya mbuga alitukubalia kupiga hema uwanjani kwake. Alimtazama sana Tarishi, kisha akaniuliza, "Bwana Karani, mbwa huyu ni wako, au umemwazima?"

"Ni wangu, Jaduong'."

"Basi mchana mfunge ndani ya jiko, penye moshi. Mbung'o hawajui ua wa Serikali."

Nilimshukuru, lakini moyoni niliona ni ukatili kumfungia mnyama katika moshi mchana kutwa. Asubuhi, mzee alipokwisha kwenda shambani, nilimfunga chini ya mti kando ya kichaka, penye kivuli kizuri, nikamwekea bakuli la maji. Mimi na shemeji tukaenda zetu. Korongo tuliwaona watatu, kwa mbali.

Wasomaji walio wafugaji wamekwisha kutambua nililolifanya. Mbung'o hupenda kivuli cha kichaka, huuma mchana, na mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Tuliporudi jioni niliwakuta masikioni na tumboni mwake, inzi wa kijivu wakunjao mbawa kama makasi. Niliwafukuza kwa kofia, nikasema ni inzi tu.

Baada ya majuma matatu Tarishi alikataa ugali na omena. Alikonda, mwili ukawa moto, macho yakafunikwa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa, akawa anajigonga ukutani. Majirani walisema ana kichaa, na vijana wawili wakaja na rungu. Siwalaumu. Mtaa wenye watoto haufanyi mzaha na kichaa cha mbwa, maana mtu akishaonyesha dalili zake hapana dawa ya kumponya. Niliwatolea kadi ya chanjo ya mwaka ule. Wakaisoma, mmoja kwa sauti, wakakubali kungoja hata kesho. Usiku ule nilikesha naye mlangoni, maana sikuwaamini sana.

Mganga wa mifugo aliniuliza neno moja tu: mbwa amesafiri wapi? Nilipoitaja Lambwe alimtoa damu sikioni, akaitazama kwa hadubini, kisha akaniita nami nitazame. Vijidudu vilikuwa vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Ilikuwa nagana, ndugu wa malale ya watu. Malale yalilitesa bonde lile kwa miaka mingi. Mgonjwa wa mwisho aliyegunduliwa ndani ya Kenya alionekana mwaka 2009, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tena janga la watu katika nchi hii. Lakini nagana ya wanyama ingaliko, kwa kuwa mbung'o wangaliko.

Sindano zilimponya. Jicho la kulia lilitakata. La kushoto limebaki jeupe. Nilimpigia mzee simu nikamweleza yote, hata habari ya mti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbwa anakula. Nikamjibu anakula.

"Na wewe," akasema, "umepimwa damu?"

Nilikuwa sijapimwa. Nilikwenda siku ile ile, nikaonekana mzima.

Tarishi bado analijua hema. Nikilitoa tu, hulizunguka akitikisa mkia. Nikienda Gogo huja naye, na bado hutangulia njiani, ila siku hizi hurudi upesi, akipindisha kichwa kunitafuta kwa jicho moja. Nikienda Lambwe humwacha nyumbani kwa dada yangu, naye hubweka hata gari litakapopotea machoni.