Chupa ya Soda



Mwaka 1984 tulikuwa tukifundisha shule, na jioni tulisafisha picha kwa mikono yetu wenyewe: picha za ubatizo, za arusi, na za watoto waliomaliza darasa. Chumba chetu cha giza kilikuwa stoo iliyopakana na jiko. Tuliziba dirisha kwa blanketi, tukatundika taa nyekundu, tukapanga masinia matatu mezani. Katika la kwanza mlikuwa na dawa ya kuitokeza picha. Katika la pili, siki iliyozimuliwa sana, ya kuizuia dawa ile isiendelee na kazi. Katika la tatu, haipo, yaani dawa ya kuikaza picha isiharibiwe na mwanga. Masinia hayo yalitoka jikoni, na asubuhi yalirudi jikoni. Twaona haya kuyaandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Onyo la kwanza lilitupata mikononi. Tulizoea kugeuza karatasi kwa vidole, na baada ya miezi michache ngozi ikatoka ukurutu, ikapasuka na kuwasha usiku kucha. Tukailaumu sabuni. Kumbe katika dawa ya kwanza mna kitu kiitwacho metoli, na wako watu ambao ngozi zao huikataa. Na ngozi ikiisha kuikataa, hata kidogo tu huurudisha ugonjwa. Koleo la mwanzi lingalitosha kutuokoa. Tena haipo yenye asidi hutoa hewa kali, kama ya kiberiti kilichowashwa, na mwenye pumu huweza kubanwa pumzi. Nasi dirisha tulikuwa tumeliziba!

Hatukusikia. Jumamosi moja dawa ya kwanza ilibaki, tukaona ni hasara kuimwaga. Tukaitia katika chupa ya soda, tukaiweka kabatini jikoni. Dawa hiyo ikiwa mpya haina rangi; huwezi kuitofautisha na maji kwa macho. Mtoto wetu, mwenye miaka 6, akarudi kutoka uwanjani ana kiu.

"Baba, maji haya yanateleza," akasema, na chupa i mkononi mwake.

Jirani mmoja, mama mwenye moyo mwema, akataka kumtapisha kwa maji ya chumvi. Mama wa mtoto akakataa, akamsukutua kinywa, tukambeba mbio mpaka hospitali.

"Mwalimu, amekunywa nini?" mganga akauliza.

"Dawa ya picha, bwana."

"Ina nini ndani yake?"

Hatukuwa na jibu. Pakiti tulikwisha kuitupa, na chupa ilikuwa na jina la soda tu. Sisi tuliowafundisha watoto wa watu kusoma!

Tulikesha tukiomba. Mungu alituhurumia: mtoto alikuwa amemeza funda moja tu, na siku ya tatu tukarudi naye nyumbani. Tulipoleta pakiti nyingine, mganga akaisoma, akatueleza kwamba mna haidrokwinoni, ambayo ikimezwa ni sumu, pamoja na magadi yanayounguza. Na kitu kiunguzacho kikitapishwa huliunguza koo mara ya pili.

Wapiga picha wa zamani walicheza na mabaya zaidi. Baada ya Frederick Scott Archer kuitangaza njia yake ya kolodioni mwaka 1851, wengi walikaza picha kwa sianidi, sumu iuayo upesi, ambayo ikikutana na asidi hutoa hewa ya mauti. Na haipo ilikuwapo! John Herschel alikwisha kuonyesha mwaka 1819 kwamba huyeyusha chumvi za fedha. Lakini sianidi ilifanya kazi upesi na kuoshwa kwa urahisi, wakaipenda.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, naye ametuomba kamera yetu ya zamani ili asafishe filamu mwenyewe. Tumempa. Tumemwambia asidi hutiwa katika maji, wala si maji katika asidi. Haipo iliyotumika ina fedha ndani yake, isimwagwe kijitoni penye samaki. Na kila chupa iandikwe jina na kufungiwa kabatini. Akaomba na masinia. Hayo hayafai tena: mama yake aliyatoboa kwa msumari jioni ile tuliyotoka hospitali, asije mtu akayapakulia wali.