Rasimu Isomwe Mkutanoni: Akili Unde kati ya Reading na Ruiri

Shirika dogo ninalofanyia kazi hapa Reading, Uingereza, hugawa chakula kwa familia zilizokwama na kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Akili unde ilitufikia kwa njia ya ofisi. Meneja aliitaja kikaoni, wadhamini wakaijadili, ikaandikwa sera fupi, na hapo ndipo sisi tulioajiriwa tukaruhusiwa kuigusa. Ruiri, kule Meru nchini Kenya nilikozaliwa, ilifika kwa simu ya katibu wa kikundi cha maji. Kijana wake anayesoma chuo alirudi likizo, akamwekea programu, akamwonyesha namna ya kuiuliza, na muda si muda barua ya kwenda kaunti ikatoka kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko barua yoyote ya kikundi hicho niliyowahi kuiona.

Pande hizi mbili nimezifuatilia kwa karibu kwa sababu zote ni zangu: mmoja hunilipa mshahara, mwingine huwanywesha ndugu zangu. Na kadiri nilivyofuatilia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba karatasi za ulinzi ziko Reading, lakini ulinzi wenyewe, ule wa kumkamata mwongo kabla hajatoka mlangoni, uko Ruiri.

Huku Uingereza mambo yamekwenda kasi. Utafiti wa kila mwaka kuhusu ujuzi wa kidijitali wa mashirika ya hisani ulikuta mwaka 2024 kwamba asilimia 61 ya waliojibu walitumia akili unde katika kazi za kila siku; mwaka 2025 wakafika asilimia 76. Tume inayosimamia mashirika hayo Uingereza na Wales ilikuwa imeshawakumbusha wadhamini, Aprili 2024, kwamba uamuzi unabaki kuwa wao hata mashine ikiwasaidia. Sisi huitumia kwa barua za shukrani, matangazo ya kutafuta watu wa kujitolea, muhtasari wa vikao na rasimu za maombi ya fedha. Sera inakataza kuiambia jina la mtu tunayemhudumia, anwani yake au habari za ugonjwa wake. Lengo ni kuokoa saa. Saa ya mfanyakazi ina bei, na kila aliye ofisini anaijua bei hiyo.

Ruiri hakuna anayelipwa. Katibu ni mwalimu mstaafu, mweka hazina ana duka sokoni, na anayesoma mita hufanya hivyo asubuhi kabla ya kwenda shambani kwake. Watu wakisikia Meru hufikiria majani ya chai na ukungu. Aliyekulia wadi ya Ruiri/Rwarera, kule Buuri, kwenye mteremko unaoelekea Isiolo, anajua vumbi. Mvua huko ni ya kubahatisha, na anayelima nyanya au vitunguu bila bomba anacheza kamari. Maji huja kwa mteremko kutoka juu, karibu na msitu, na wanachama wenyewe ndio waliochimba mtaro, wakachangia mabomba, wakanunua mita. Kikundi kina kitabu cha wanachama, kitabu cha mita, kitabu cha risiti, na jumbe za M-Pesa ambazo mweka hazina huzinakili kwa mkono kila jioni. Rekodi hazijawahi kuwa shida yao. Kilichowapiga chenga miaka yote ni Kiingereza cha wafadhili.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu walioko ughaibuni wengi wanalijua jambo hili na hawalisemi. Fomu ya mfadhili haiulizi bomba limepasuka wapi. Inauliza viashiria, uendelevu, matokeo yanayopimika, na inayauliza kwa Kiingereza cha watu waliosomea kuuliza hivyo. Mtu anayejua kila valvu kutoka msituni hadi nyumba ya mwisho alilazimika kumlipa mwandishi wa mjini, ambaye hajawahi kukanyaga mtaro huo, amwandikie habari za maji yake mwenyewe. Au alitusubiri sisi. Nimeandika maombi mengi ya namna hiyo usiku baada ya kazi, huku kamati ikinisubiri Ruiri kana kwamba mimi ndiye mwenye kisima. Nilipoona katibu anazungumza na simu kwa Kiswahili, kisha Kiingereza safi kinatoka, niliona mlango uliofungwa maisha yangu yote ukifunguka kutoka ndani. Sitaki mtu yeyote aliyejaliwa Kiingereza tangu utotoni anieleze kwamba huo ni uvivu wa kufikiri. Katibu alikuwa ameshafikiri. Alinyimwa lugha tu.

Lakini mashine ilifungua mlango na kuingia na mizigo yake. Rasimu ya ombi la kubadilisha bomba kuukuu iliposomwa mbele ya wanachama, ilisema akina mama wa Ruiri hutembea kilomita nyingi kila siku wakiwa na ndoo za maji vichwani, na kwamba wasichana wanaacha shule kwa ajili hiyo. Katibu alikuwa akisoma kwa Kiingereza aya moja moja na kuieleza kwa Kimeru, kama anavyofanya kwa barua yoyote. Mama mmoja akanyoosha mkono kabla aya haijaisha. Vichwani? Mama wa Meru akibeba mtungi huubeba mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Kisha akasema kubwa zaidi: hao si sisi, sisi tuna mifereji, shida yetu ni kwamba sisi wa mwisho wa laini tunapata maji siku mbili kwa wiki, na yakija hayana presha.

Hakuna aliyeiambia mashine habari za ndoo. Iliziokota kwenye maandishi mengi iliyofunzwa nayo, na maandishi hayo kuhusu kijiji cha Afrika na maji yameandikwa kwa miongo mingi na mashirika yaliyokuwa yakiomba pesa kwa picha ileile. Ukiiomba ikuandikie ombi, inakupa linalofanana na maombi mengine. Mwandishi wa mjini naye angeweza kuandika hivyohivyo, na huenda aliwahi. Tofauti ni kwamba safari hii maandishi yalipita mbele ya watu wanaotajwa ndani yake. Rasimu ya pili ikaeleza ratiba ya mgao, kipenyo cha bomba, umri wake, na ni nyumba zipi zinazokaa bila maji siku tano. Haina machozi, na kila sentensi yake mfadhili anaweza kuja kuikagua kwa macho.

Kikundi hakikubuni utaratibu huo kwa ajili ya akili unde. Ni desturi ya kila chama na kila kamati ya kanisa nyumbani: muhtasari wa mkutano uliopita husomwa kwa sauti, watu wanasahihisha, mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anatia sahihi. Vijana huona inachosha. Mimi pia nilikaa kwenye viti vya plastiki nikiona jua linazama juu ya ajenda ya kwanza. Leo nauona kuwa chombo ambacho shirika langu la Reading halina.

Kwa maana huku, rasimu hukaguliwa na mtu mmoja mbele ya kioo cha kompyuta. Anatazama tahajia, anatazama kama kuna jina la mtu, anatuma. Mzee tunayemtembelea hajui aliandikwaje. Niliona ombi letu moja likiwaita wazee wetu watu waliosahauliwa, wasio na mtu, wakati nusu yao wana watoto wanaowapigia simu kila Jumapili. Sera haikuvunjwa hata kidogo. Hakuna jina lililotajwa. Nilimwomba meneja ruhusa ya kusoma maandishi ya namna hiyo kwenye chakula chetu cha mchana pamoja na wazee kabla hayajatumwa, na akakubali. Neno la kwanza walilolifuta ni hilo la kusahauliwa.

Upungufu mkubwa wa mashine kwa Ruiri ni Kimeru. Kiingereza chake ni hodari, Kiswahili chake kinasomeka ingawa kina harufu ya kutafsiriwa, Kimeru chake hakifai kusomwa mbele ya watu wazima. Na hilo si kwa sababu Kimeru hakijawahi kuandikwa kuhusu kazi za maendeleo. TIST, mpango wa vikundi vidogo vya wakulima wapanda miti ulioanzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999 na kuingia Kenya mwaka 2004, umechapisha jarida lake la Mazingira Bora kwa Kimeru pia, na wakulima wa Meru wamepimiwa miti yao, mzunguko wa shina na mahali ilipo, kwa miaka mingi. Maneno yapo. Hayajakusanywa tu na watu wenye kompyuta kubwa.

Kwa Kiswahili kuna waliokwisha kuanza. Jacaranda Health, shirika lenye kazi zake Kenya, lina huduma ya PROMPTS ambapo mama mjamzito anatuma swali kwa SMS, hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mashine inapanga maswali kwa uzito wake, na watu wa dawati la msaada wanashughulikia yaliyo ya hatari. Mwaka 2023 wakatoa UlizaLlama, modeli ya lugha waliyoifunza Kiswahili juu ya ile ya Meta. Ninalipenda zaidi hilo la kabambe. Kifaa kiliundwa kwa kumtazama mama na simu aliyonayo, bila kumdai kwanza anunue nyingine.

Upande mmoja Reading iko mbele na Ruiri inapaswa kuharakisha, nao ni siri za watu. Mweka hazina alitaka kupanga kitabu cha wanachama kuwa jedwali, akaona njia rahisi ni kupiga picha kurasa na kuipa mashine. Kurasa hizo zina majina, namba za kitambulisho, namba za simu na madeni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Kikundi chenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na waajiriwa chini ya 10 kwa kawaida hakilazimiki kujisajili huko, lakini wajibu wa kulinda habari za mwanachama unabaki palepale. Nilimpigia simu, tukakubaliana: kwenye mashine ziende namba za mita na kiasi kilicholipwa, basi. Majina yanabaki kwenye kitabu, na kitabu kinabaki kwenye sanduku lenye funguo tatu.

Alipouliza kwa nini tusiwaamini wenye mashine, nilimweleza jambo lililo karibu na kwetu kuliko California. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliosoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa, walipokea chini ya dola 2 kwa saa. Chombo hiki kimepitia mikononi mwa vijana wetu na kiliwaachia kidogo sana. Tuna haki ya kukitumia, na tuna sababu ya kutokipa zaidi ya kinachohitajika.

Limebaki suala la akaunti. Programu iko kwenye namba ya katibu mwenyewe, na mazungumzo yote ya kikundi, barua, bajeti, ratiba za mgao, yamelala humo. Katibu akishindwa uchaguzi, au simu ikiibiwa sokoni, historia hiyo inaondoka naye. Kamati imependekeza simu ya kikundi, laini iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, nywila ifahamike kwa katibu na mwenyekiti, na bando lilipwe kutoka hazina na kuandikwa kama matumizi mengine. Ajenda hiyo iko kwenye mkutano mkuu wa mwaka, baada ya taarifa ya mweka hazina na kabla ya uchaguzi. Sisi tulio nje tumeombwa kuchangia bei ya simu. Watakaochanga wamtumie mweka hazina, wala wasipitie kwangu, ili kila mmoja aandikiwe risiti na jina lake lisomwe pamoja na mengine.