Lebo Isiyofutika



Wengi wetu huku Uingereza tunatengeneza achari na visheti vya kuuza kwenye magulio ya hisani. Embe tunazichagua kwa makini, chumvi tunaipima, lakini lebo tunaichapa nyumbani kwa haraka na kuibandika bila kinga yoyote. Achari ina mafuta, na friji ina unyevu. Haupiti muda mrefu, wino hutawanyika, na neno “haradali” hubaki doa. Tumepata kumwona mama mmoja akiigeuza chupa mkononi, akilitafuta neno hilo kwa ajili ya mwanawe mwenye mzio, kisha akairudisha mezani kimya.

Doa hilo si dogo. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukutajwa kwenye lebo. Kwa sababu yake, tangu Oktoba 1, 2021, chakula kinachofungashwa mahali pale pale kinapouzwa sharti kiorodheshe viambato vyote, na vile 14 vya mzio vikolezwe. Haradali, ufuta na karanga vimo. Hata pale sheria isipotugusa, amana inatugusa.

Kinga ya maandishi ni vanishi. Ile ya mafuta ni ya kale. Hukauka polepole na huelekea kugeuka manjano. Ya maji hukauka upesi na haina harufu kali. Nyingine hugandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, ikawa ngumu papo hapo na kustahimili msuguano. Kwa chupa yenye mafuta mengi, utando mwembamba wa plastiki juu ya chapa hulinda zaidi.

Vanishi inayong’aa huvutia, lakini sisi wazee mwako wa taa hutuficha herufi. Isiyong’aa husomeka kwa utulivu, ingawa huchubuka kwa urahisi. Nafasi ya tarehe iachwe bila vanishi, maana wino wa muhuri haushiki vizuri juu yake.

Kabla ya kuagiza lebo nyingi, tumwombe mchapaji moja ya majaribio. Tuidondoshee mafuta, tuifute kwa kitambaa kibichi, kisha tumpe mtu mwingine aisome. Darasani tulisisitiza mwandiko unaosomeka. Hapa anayesoma ni mzazi asiyetujua, naye anaamua kama mwanawe ale.