Taa za Breki na Gia Zikiwaka Kwenye Benzi la Zamani: Pima Kwanza, Mtaji Usiguse

Hapa tumezoea kuzungumza nyanya, vitunguu na mahindi. Leo nazungumzia gari, kwa sababu ndilo linalobeba mazao hayo hadi sokoni, na kwa sababu wengi wenu mmeanza kununua Benzi za zamani. Naelewa kwa nini. Mercedes-Benz E-Class ya miaka ya 1996 hadi 2002, ile yenye taa za mbele za mviringo ambayo mafundi huiita W210, ina buti kubwa, imetulia barabarani, na ukimpata muuzaji mwenye haraka, bei yake haitishi. Mimi mwenyewe ninayo moja, ndiyo inanifikisha kwenu vijijini. Ila kumbuka jambo hili: gari limeshuka bei, spea zake hazikushuka.

Jirani yangu hapa Ilula ni mchuuzi wa nyanya. Msimu uliopita alikuja kwangu na steshenwagoni yake ya 1999. Dashibodini taa za BAS na ESP zilikuwa zimewaka. Asubuhi nyingine mkono wa gia ulikuwa unagoma kutoka P. Siku nyingine gari lilikuwa linaacha kubadilisha gia katikati ya safari, injini inalia na mwendo hauongezeki. Gereji moja ya mjini ilimwambia giaboksi imekufa, atafute nyingine. Fedha waliyotaja ilikaribia mtaji wake wote wa kununulia nyanya.

"Afisa," aliniambia, "nikitoa hela hiyo, msimu huu nakaa nyumbani."

Nikamwuliza, "Mama, wamepima nini?"

"Wameangalia taa tu."

Mkulima akiniletea jani la mahindi la njano, simtumi dukani papo hapo. Njano inayoanzia nchani na kuingia katikati ya jani kama herufi V huashiria upungufu wa naitrojeni. Njano ya pembezoni huashiria potasiamu. Shamba lililotuama maji nalo huwa la njano hata kama mbolea ipo. Rangi moja, sababu mbalimbali. Taa ya dashibodi ni hivyo hivyo. Inakuambia kwamba kompyuta ya gari imeacha kuamini taarifa fulani. Haikuambii kifaa gani kimekufa.

Kwenye gari hili breki na gia zinachangia taarifa. Switchi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki huwasha taa za nyuma, huijulisha kompyuta ya breki kwamba umekanyaga, na taarifa hiyo hiyo ndiyo huruhusu mkono wa gia utoke P. Kasi ya magurudumu husomwa na kompyuta ya breki, na kompyuta ya gia nayo huitumia. Ndiyo maana kifaa kimoja cha bei ndogo kinaweza kuwasha taa nyingi na kumfanya mtu aamini gari zima limeoza.

Kwanza tazama rangi

Taa ya njano ya ABS, BAS au ESP ina maana kwamba msaada wa kompyuta umezimwa. Breki za kawaida kwa kawaida bado zinashika, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi. Endesha polepole hadi upimaji ufanyike.

Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Hakikisha umeachia breki ya kuegesha. Kama umeachia na taa bado inawaka, simama. Angalia kiwango cha mafuta ya breki, kisha angalia ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Kiwango hushuka kidogo kidogo pedi zinapolika. Kikishuka ghafla, kuna uvujaji. Usijaze tu ukaondoka. Na pedali ikizama taratibu ukiwa umeikanyaga, gari lisitoke hapo. Anayeshuka Kitonga na matenga ya nyanya anajua kwa nini nasema hivi.

Kisha pima, kuanzia cha bei ndogo

1. *Betri.* Kompyuta za gari hili huchanganyikiwa umeme ukipungua. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome takriban 13.8 hadi 14.4. Ukiwasha na kipimo kikaanguka chini ya 10, shughulikia betri na vituo vyake kabla ya kulaumu kitu kingine.

2. *Switchi ya pedali ya breki.* Mtu asimame nyuma, ukanyage. Taa za nyuma zisipowaka, au zikiwaka bila kuzima, angalia balbu na fyuzi, kisha switchi. Jambo linalowapita wengi ni kwamba switchi hii ina njia zaidi ya moja ndani yake. Taa za nyuma zinaweza kuwaka vizuri huku njia inayokwenda kwenye kompyuta imekufa. Kwa hiyo ukiona BAS na ESP pamoja na mkono wa gia unaogoma kutoka P, anza hapa. Switchi hiyo ni ndogo na hubadilishwa bila kugusa giaboksi.

3. *Sensa za magurudumu.* Barabara zetu za tope na nyasi huzikata nyaya na kuzijaza uchafu. Safisha, fuata waya kwa macho na vidole hadi mwisho. Kwa mita ya umeme, linganisha sensa ya kushoto na ya kulia ya ekseli moja. Inayotofautiana sana na mwenzake ndiyo ya kushukiwa. Hakikisha pia matairi yote yana ukubwa unaotakiwa.

4. *Plagi ya giaboksi.* Nyingi ya gari hizi zina giaboksi ya otomatiki ya gia tano, aina ya 722.6. Kompyuta yake ikiona hatari huacha kubadilisha gia ili kuilinda. Ukisimama, ukazima na kuwasha tena, inaweza kurudi kawaida. Tatizo likiendelea, utabaki na gia ya pili na ya kurudi nyuma tu. Sababu mojawapo inayojulikana sana ni plagi ya pini 13 iliyo ubavuni mwa giaboksi. Pete zake za mpira huchakaa, oili huvuja, kisha hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya gia. Chomoa plagi ukiwa umezima gari. Ukikuta oili, fungua pia upande wa kompyuta uone kama imefika. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

5. *Oili ya giaboksi.* Gari hili halina kijiti cha kupimia. Mfuniko upo, kijiti anakuwa nacho fundi. Kiwango husomwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80, injini ikiwaka. Mtu akikuambia ameona oili imepungua, mwulize ameisomaje. Ikibadilishwa, iwe ile yenye kibali cha Mercedes kwa giaboksi hiyo, si oili yoyote nyekundu ya dukani.

Kuhusu mashine ya kupimia

Kipimio kidogo cha simu mara nyingi husoma injini peke yake. Kikisema hakuna tatizo, hakijagusa breki wala gia. Kwenye W210 mafundi hutumia soketi ya mviringo ya pini 38 iliyo chini ya boneti, kwa mashine inayoelewa Mercedes. Kodi zikisomwa, ziandikwe, zifutwe, gari liendeshwe, kisha zisomwe tena. Kodi inayorudi ndiyo ya kufuatilia. Na kodi inayotaja sensa inaweza kuwa ni waya tu.

Tahadhari moja kwa wanaofikiria kununua toleo lililofuata, W211. Zile za kabla ya mabadiliko ya 2006 zina breki za mfumo wa SBC, zenye shinikizo kubwa linalotoka kwenye pampu ya umeme. Mfumo huo unaweza kujibana wenyewe, hata mlango ukifunguliwa tu. Fundi asiyejua kuuzima kwa mashine anaweza kupoteza vidole akibadilisha pedi.

Kwa jirani yangu tulikuta magonjwa mawili, si moja. Switchi ya pedali ilikuwa imekufa. Ilipobadilishwa, BAS na ESP zilizima na mkono wa gia ukatoka P bila ubishi. Gia bado ziligoma. Plagi ya pini 13 ilikuwa imelowa oili, ila oili haikuwa imefika kwenye kompyuta. Plagi mpya, oili sahihi, basi. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile ya giaboksi, na wiki ile ile alikuwa shambani ananunua nyanya.

Sisemi kila giaboksi inapona kwa plagi. Ikiteleza kwenye gia wakati nyaya ni nzima, au oili ikitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe za chuma, huenda kweli imekwisha, na hapo utalazimika kuchagua kati ya kuitengeneza na kuliuza gari. Lakini kabla hujatoa fedha hiyo, mwombe fundi akuandikie mambo matatu kwenye karatasi: amepima nini, kipimo kimesoma ngapi, na kodi gani imerudi baada ya kufutwa. Fundi mzuri hatakasirika. Asiyetaka kuandika, mshukuru, chukua funguo zako, nenda kwa mwingine.