Kupunguza Siyo Kuacha

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Handeni lakini dawa zake anachukulia Korogwe. Si kwamba Handeni hakuna CTC. Anapanda gari kuvuka wilaya kwa sababu kule kwao kila mtu anamjua, na yeye ana siri mbili: anaishi na VVU, na anapenda wanaume. Ya kwanza, anasema, siku hizi unaweza kupata hata wa kukuonea huruma. Ya pili ikigeuka kesi, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Ameniruhusu niandike haya, mradi nibadilishe ya kutosha kumficha.

Akishachukua dawa, tunakutana kwenye baa moja Manundu. Nilikuwa namnunulia bia, tena bila kinyongo, kwa sababu chupa ya pili ndiyo iliyokuwa inamfungua mdomo. Hapo ndipo alikuwa ndugu yangu kweli. Ya tano, analia. Ya nane, namshika mkono hadi gesti.

Usiku mmoja, tukiwa gesti, simu yake ililia saa tatu. Akaizima.

"Kaka, si dawa hiyo?"

"Leo nimekunywa, dogo. Tuliambiwa tusichanganye."

Nikamuuliza mwezi ule ameruka siku ngapi. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akanyamaza.

Miaka yote nilidhani ni mzembe. Kumbe alikuwa anatii! Kuna mtu alimwambia pombe na vidonge havikai pamoja, naye akaacha kile ambacho kukiacha ni rahisi zaidi. Hakuna aliyemalizia sentensi: pombe nyingi inaharibu ini na inasahaulisha, lakini siku uliyokunywa bado ni siku ya dawa. Unaporuka dozi, virusi vinapata nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo na mimi nina la kujibu. Februari 2017 serikali ilitangaza kusitisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyokuwa vinahudumia, pamoja na wengine, wanaume kama kaka. Machi 1, mwaka huohuo, marufuku ya pombe za viroba ikaanza. Habari ya viroba niliiandika kwa shangwe. Ya vituo niliiacha ipite, maana niliogopa watu wangejiuliza inanihusu nini. Leo nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja nasikia aibu. Tuliwanyang'anya kipakiti, tukawanyang'anya na chumba ambacho mtu angeweza kuulizwa kwa upole kwa nini anakunywa. Kikabaki kiti cha baa.

Ukiifuata barabara hiyohiyo ya Korogwe kupanda kaskazini unafika Moshi, na pale hospitali ya KCMC kuna mpango unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ulitengenezwa kwa ajili ya majeruhi wanaofikishwa idara ya dharura, si kwa watu kama kaka. Lakini jina lake lilinikaa kichwani. Punguza. Mhudumu anakaa na mgonjwa kwa mazungumzo mafupi: pombe inakupa nini, inakunyima nini, wewe mwenyewe ungependa kubadilisha nini. Hakuna mahubiri.

Nikayabeba maswali hayo hadi Manundu. Nikaagiza chai. Kaka alinitazama kama nimefiwa.

"Pombe inakupa nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. "Watu," akasema. "Nikiwa mzima, nani nitaongea naye?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa na sebule tu. Tangu siku hiyo, akitoka kliniki anakuja nyumbani kwangu. Mke wangu anapika ugali na samaki, tunaongea, na amejua kumbe mdomo wake unafunguka hata bila chupa ya pili. Wakati mwingine tunakunywa bia mbili, tatu. Kuna miezi akiwa Handeni anateleza vibaya, ananipigia asubuhi sauti imekauka. Simuulizi amekunywa ngapi. Namuuliza kama saa tatu alimeza.

Mwezi uliopita walimtoa damu kupima wingi wa virusi. Majibu bado. Juzi saa tatu usiku alinitumia meseji ya neno moja: "Nimemeza." Nikajua amelewa, maana alikosea herufi mbili. Nikafurahi hivyohivyo.