Ukitaka mtoto aione galaksi, zima simu kwanza

Sutherland ni mji mdogo katika nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini. Una baridi kali, lakini familia hufunga safari kutoka Cape Town, zaidi ya kilomita 350, kufuata giza lake. Nje ya mji, kilimani, ipo darubini kubwa ya SALT yenye kioo cha vipande 91, iliyozinduliwa mwaka 2005. Hiyo ni ya wanasayansi. Wageni wana darubini zao ndogo.

Kuanzia Septemba hadi Desemba huonekana galaksi ya NGC 253, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 11. Hapo ndipo watoto hununa. Walizoea picha zenye rangi, na sasa wanaona kiukungu cha kijivu, kirefu na chembamba.

Darubini haina kosa. Chembe za jicho zinazoona gizani hazitambui rangi, na huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Mzazi akiwasha simu kidogo tu, kazi inaanza upya. Mwambie mtoto atazame pembeni kidogo ya ukungu, utaonekana vizuri zaidi. Kamera yenyewe huachwa wazi kwa dakika kadhaa ikizungushwa kufuata anga, kisha kompyuta huunganisha picha nyingi kuwa moja.

Kuhusu wembamba, chukua ungo. Ukiutazama kwa mbele ni duara, ukiugeuza ubavu unakuwa kama mstari. NGC 253 imetugeukia karibu ubavu. Mabaka meusi yanayoonekana pichani ni vumbi, na katikati yake nyota zinazaliwa kwa kasi kubwa.

Aliyeigundua, mwaka 1783 huko Uingereza, ni Caroline Herschel. Aliugua taifasi akiwa na miaka 10, akadumaa, na mama yake akaona anafaa kazi za ndani tu. (Wazazi wa watoto wenye maradhi ya muda mrefu watamwelewa binti huyu.)

Si lazima kwenda Karoo. Katikati ya Novemba, saa tatu usiku, mbali na taa za mji, NGC 253 huwa juu upande wa kusini kwa aliye Tanzania au Kenya. Itafute kwa darubini ya kawaida ya mkononi, kusini kidogo ya nyota Diphda, usiku usio na mwezi.